Afande wa Mashudu

Kaka yangu alipofariki, wifi alisubiri matanga yaishe ndipo akanipigia simu. Nilikuwa nimestaafu jeshi mwaka huo huo nikiwa na cheo cha kapteni, na nilikuwa bado kwenye nyumba ya kupanga Morogoro, sijajua niende wapi. Wifi hakuzunguka.

"Wewe umeongoza wanajeshi," alisema. "Watu wa kiwanda watakushinda?"

Nilicheka. Sikuona jinsi wangenishinda.

Kiwanda chenyewe ni kidogo, kiko pembeni mwa Bariadi, unapomaliza nyumba na kuanza kuona mashamba. Kaka alikuwa ananunua mbegu za pamba na alizeti, anakamua mafuta, anauzia maduka ya mjini. Makapi yanayobaki baada ya kukamua, mashudu, alikuwa anawauzia wafugaji wa Meatu, ambao huja kuyachukua majani yakishakauka. Mashine mbili za kukamua, ghala, ofisi yenye dirisha linalotazama uani, na nyuma yake nyumba ya vyumba viwili. Humo ndimo nilimohamia. Wifi alikuwa na watoto wa kusomesha na duka lake sokoni, kwa hiyo alibaki kuwa mwenye mali, mimi nikawa msimamizi.

Niliondoka Bariadi nikiwa msichana aliyemaliza shule juzi tu. Nilirudi mama mtu mzima asiye na mume wala mtoto. Wazazi walishatangulia. Mji ulikuwa umekua, umepata ofisi za mkoa na barabara za lami, na watu waliokuwa wananifahamu wengi wao walikuwa makaburini au Mwanza. Nilipokuwa natembea sokoni nilikuwa naangalia nyuso, nikitafuta hata mmoja wa kuniuliza kama mimi ndiye yule.

Siku ya kwanza niliwapanga wafanyakazi mstari uani. Sikuwa na nia mbaya. Kila kazi niliyowahi kufanya ilianza kwa watu kusimama mstari, mtu akaita majina, tukajua nani yupo na nani mgonjwa. Walisimama, wanaume upande huu, akina mama wa magunia upande ule, wakitazama chini. Nikawaeleza: kufika mapema, nguo isiyoning'inia karibu na mkanda wa mashine, simu kubaki ofisini, sakafu kufagiliwa kila tunapofunga.

"Kuna swali?"

Hakuna aliyeuliza. Jeshini ukimya ule una maana ya kuelewa. Nikaufurahia.

Na kazi ilikwenda, siwezi kusema uongo. Sakafu iling'aa. Magunia yalipangwa ghalani kama matofali. Wifi alipokuja kukagua alizunguka kila kona, akasema, "Ee, kweli hii ni kambi." Baada ya muda nikasikia wananiita Afande, kwanza nikiwa nimewapa mgongo, halafu mbele ya macho yangu. Majirani nao wakaongezea: Afande wa mashudu. Sikukasirika. Lilikuwa jina nililolizoea zaidi kuliko hata lile nililobatizwa nalo.

Kilichonisumbua ni saa ya chakula. Mchana walikuwa wanakaa kivulini pembeni mwa ghala, wanakula ugali, wakati mwingine michembe, vile viazi vikavu, na karanga. Nikiwa ofisini nilikuwa nasikia vicheko vyao kupitia dirishani. Siku moja nikachukua sahani yangu nikaenda kukaa nao. Walikuwa wanaongea Kisukuma, tena kwa kelele. Nilipokaa wakahamia Kiswahili, wote kwa pamoja, kama watu waliofikiwa na mgeni. Kiswahili kikadumu kidogo kikaisha. Mama mmoja akaniuliza kama chumvi inatosha. Nikasema inatosha.

Mimi ni Msukuma kama wao. Lakini Kisukuma changu kilibaki kule utotoni. Nakisikia vizuri, nikikisema kinatoka cha msichana mdogo, na mtu mzima hawezi kutoa amri kwa sauti ya msichana mdogo. Kesho yake nilikula ofisini, na baadaye ikawa desturi.

Watu wasiojua jeshi wanadhani ni kufokeana tu. Mimi nimeongoza kombania ya usafirishaji, madereva na watu wa stoo, na naweza kusema kufoka ni sehemu ndogo sana. Kamanda wangu wa kwanza alikuwa haanzi kula mpaka askari wa mwisho apate. Tulipokuwa nje ya nchi kwenye ulinzi wa amani, tulilala kwenye mahema yanayopakana, tukaumwa na mbu wale wale, tukajua nani anaota akipiga kelele na nani mke wake kamwacha. Sikuhitaji kumuuliza askari habari za nyumbani kwake, kwa sababu nyumbani kwake kulikuwa hapo hapo, hatua chache kutoka kwangu. Nikimwamuru aende mahali pabaya, alikuwa anaamriwa na mtu aliyemwona akifua soksi zake.

Na mimi nilikuwa na mahali pa kwenda. Jioni kulikuwa na mesi ya maofisa, kuna wenzangu wa cheo changu, tunalalamikia wakubwa, tunatukana magari, tunacheza karata. Juu yangu kulikuwa na mtu, na juu yake mwingine. Uzito ulikuwa unapanda ngazi, haukai kwa mtu mmoja. Bariadi, jioni, watu wa kiwanda walipanda baiskeli na pikipiki wakaenda kwao, nikafunga geti, na uzito wote ukabaki na mimi uani.

Mwezi wa pili wa msimu, fundi wa mashine aliacha kazi.

Alikuwa mkono wa kulia wa kaka. Mwanaume wa makamo, mnene kidogo, aliyekuwa anasikiliza mashine kama daktari anavyosikiliza kifua. Asubuhi moja hakuonekana kwenye mstari. Nikadhani anaumwa. Mchana dereva wetu akasema, bila kunitazama, kwamba amemwona kwenye kiwanda kingine cha mafuta, upande wa pili wa mji.

Jeshini hilo lina jina. Ni utoro, na kuna namna ya kulishughulikia. Mtu hawezi kuamka akaenda kuvaa sare za wengine. Nilikaa ofisini nikitafuta neno la kumpa mtu aliyeondoka tu, ambaye hajavunja sheria yoyote, na sikulipata. Jumapili nikamfuata nyumbani kwake.

Alikuwa amekaa nje anatengeneza kiti. Nilimwamkia kwa lugha ya nyumbani, "Mwadila," na akanyanyuka kunipokea kwa heshima zote, mkewe akaleta kigoda, akaleta na maji. Hakuonyesha aibu hata kidogo. Tuliongea kuhusu mvua. Mwishowe nikamuuliza.

"Fundi, nilikukosea nini?"

Alisugua ubao kwa msasa kwanza. "Hujanikosea, dada. Mshahara ulinilipa vizuri. Kazi inakwenda vizuri kuliko hata alivyokuwa kaka yako."

"Sasa?"

"Kaka yako tulikuwa tunagombana. Siku nyingine nilimwambia mashine haiwashwi leo, akaniita mjinga, na mimi nikamwita hivyo hivyo. Halafu tunakunywa chai. Kwako mtu akishasema 'ndiyo afande,' maneno yameisha. Narudi nyumbani sijui kama nimesikilizwa." Akaweka msasa chini. "Labda wewe ndivyo ulivyozoea. Mimi nimezeeka, sina nguvu za kuzoea."

"Ungeniambia."

"Ningekuambia kwenye mstari?"

Mkewe alinifungia karanga kwenye mfuko, nikashukuru, "Wabeja," nikaondoka. Njia nzima nilikuwa nimemkasirikia, na hasira yenyewe haikuwa na pa kushika, kwa sababu alikuwa amenitendea vizuri tangu nilipofika mpaka nilipotoka.

Nikaajiri fundi mpya, mtu wa Nyashimo aliyejua kazi lakini mwenye haraka.

Ajali ilitokea wiki chache baadaye, asubuhi ya kawaida kabisa. Kulikuwa na mama mmoja kijana aliyekuwa anashona midomo ya magunia. Alikuwa mchangamfu, ndiye aliyekuwa anawaanzishia wenzake vicheko. Sindano yake kubwa ilidondoka ikateleza mpaka chini ya mashine. Akainama kuiokota. Mkanda ukashika mkono wa blauzi yake, ukauvuta mkono mpaka kwenye puli, gurudumu linalouzungusha.

Nilisikia mlio, halafu nikasikia jinsi watu walivyonyamaza. Sikumbuki kutoka ofisini. Nakumbuka fundi mpya amesimama na mikono kichwani, na mimi nimeshafika kwenye swichi kuu na kuishusha. Sauti iliyotoka kinywani mwangu ilikuwa ya zamani, ya kule nje ya nchi, na haikuwa kubwa.

"Wewe, rudisha puli nyuma kwa mkono, polepole. Wewe, nipe khanga. Dereva, gari mlangoni, fungua nyuma. Nyie wengine tokeni nje, mtuachie hewa."

Kila mmoja alifanya alichoambiwa. Tuliutoa mkono. Nikafunga khanga juu ya kiwiko, nikakaza kwa kijiti mpaka damu ikapungua. Mama yule alikuwa ananitazama machoni bila kupepesa, na mimi nikawa namwambia kitu kimoja tu, kwamba anitazame, anitazame hivyo hivyo. Tulikwenda hospitali kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Madaktari waliuokoa mkono. Vidole viwili havikuokolewa.

Walipomwingiza chumba cha upasuaji nilikwenda chooni, nikajifungia, nikaanza kutetemeka. Nilikaa humo mpaka nikaweza kufungua bomba. Halafu nikanawa uso, nikatoka, nikamwambia dereva arudi awaambie watu wamalizie usafi na waende nyumbani.

Nilidhani baada ya siku ile tungekuwa karibu zaidi. Jeshini ndivyo inavyokuwa. Watu wakishapita kwenye kitu kama kile pamoja, usiku wake watakaa wakizungumza mpaka wachoke, na kuanzia hapo wana lugha yao. Kiwandani ilikuwa kinyume. Wafanyakazi walianza kusimama nikipita. Sikuwa nimewaagiza. Nikiingia ghalani walikuwa wananipisha njia, pana kuliko mwili wangu ulivyohitaji. Nilisikia dereva akimsimulia mfugaji mmoja: "Yule mama hana woga. Hata jicho halikucheza." Alikuwa ananisifu. Nilirudi ofisini nikafunga mlango.

Kila jioni baada ya kufunga nilikuwa nakwenda hospitali. Mwanzoni ilikuwa wajibu. Mama yule alikuwa amelala na mkono uliofungwa, mama mkwe wake akija na uji na kuondoka. Siku moja mama mkwe alikuwa ametoka, tukabaki wawili.

"Afande," akasema, "siku ile uliogopa?"

Nilianza kusema hapana. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. "Niliogopa sana," nikasema. "Nilijifungia kwenye choo cha hapa hospitali nikatetemeka kama mwenye malaria."

Akaanza kucheka, akiushika mkono wake mbovu kwa mkono mzima ili usitikisike.

"Basi afadhali sikujua. Ningejua unaogopa, ningekufia pale pale."

Nikacheka na mimi. Na nilipokuwa natembea kurudi nikafikiri kwamba amesema jambo nililokuwa nalijua miaka yote bila kulisema: kiongozi hana ruhusa ya kuonyesha woga wake pale pale unapomshika. Hilo ni sawa jeshini na kwenye biashara. Tofauti ni kwamba jeshini nilikuwa na wenzangu waliokuwa wanaficha wa kwao, tunaona kwa macho jinsi kila mtu anavyouficha, na hiyo peke yake ilitosha kama mazungumzo. Kiwandani nilikuwa naficha peke yangu, nikifanikiwa mpaka watu wakaamini sina woga.

Mgonjwa alipokaribia kuruhusiwa, wifi alikuja ofisini. Alikaa kwenye kiti cha kaka.

"Matibabu tumelipa, na mpe cha kumsaidia," alisema. "Lakini gunia hawezi kushona tena. Tafuta mwingine."

"Atarudi," nikasema.

"Kufanya nini?"

"Sijajua. Lakini jeshini mtu akiumia kazini hatumfukuzi. Tunamtafutia kazi anayoweza."

Wifi hakuwa mtu mbaya. Uso wake ulikuwa umechoka. "Wifi yangu, jeshi lina nchi nzima nyuma yake. Kiwanda hiki kina mimi na watoto wangu. Kila mtu unayemtafutia kazi, chakula chake kinatoka kwenye sahani yao. Hilo hukuwahi kulifikiria ulipokuwa kapteni, kwa sababu hukulazimika."

Alisema kweli. Miaka yangu yote sikuwahi kujiuliza mshahara wa askari unatoka wapi. Nilijua kumtunza mtu, sikujua kwamba kuna anayepungukiwa mtu akitunzwa. Tulibishana mchana kutwa, bila kupandisha sauti. Mwishoni nikamwambia anipunguzie mimi: nitaacha kudai gari la ofisi na posho nyingine alizoniahidi, na yule mama arudi awe kiongozi wa akina mama wa magunia. Wifi akakubali. Alipofika mlangoni akageuka.

"Kaka yako naye alikuwa hivyo," akasema. "Alikuwa ananitia hasira."

Msimu uliisha, mbegu zikaisha. Hilo nalo sikuwa nalo jeshini: asubuhi moja unawaambia watu kazi imekwisha, wakashukuru, wakaenda mashambani kwao. Kombania haina msimu. Miezi ile nilikaa na mashine zilizofunikwa maturubai, nikipaka rangi milango ambayo haikuhitaji rangi. Kulikuwa na siku nzima sijafungua kinywa, mpaka jioni nikinunua mkate sauti ilikuwa inatoka na kutu.

Msimu mpya ulipoanza baadhi yao walirudi, wengine hawakurudi, na hakuna aliyenidai wala niliyemdai maelezo. Mama yule alirudi, akiwa na glovu laini kwenye mkono wa vidole vitatu. Wiki ya kwanza tu akanifuata ofisini, akabaki amesimama.

"Huu mstari wa asubuhi," akasema. "Mimi siukubali."

"Huukubali?"

"Akina mama wanatoka mbali, wengine wamenyonyesha wakiwa njiani. Unawasimamisha juani kama wezi. Nitakuambia mwenyewe nani yupo na nani hayupo. Hiyo si ndiyo kazi uliyonipa?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikamwambia, "Nitafikiria." Jeshini maneno hayo ni hapana iliyovaa sare. Hakutoka.

"Fikiria sasa hivi," akasema. "Nasubiri."

Mstari ukafa siku ile. Hatujawa marafiki, mimi na yeye. Ana mume, ana watoto, ana wenzake wa kucheka nao. Lakini anapinga, na mara nyingine namshinda. Siku tunayobishana huwa nalala vizuri.

Mwaka huu kiangazi kilikuwa kikali. Dereva aliumwa, wafugaji wakawa wanapiga simu wapelekewe, nikaendesha lori mwenyewe kupeleka mashudu Mwanhuzi. Niliendesha nikiwa peke yangu kwenye barabara yenye vumbi jeupe, ng'ombe wamekonda mpaka unaweza kuhesabu mbavu ukiwa kwenye usukani. Tuliposhusha magunia na vijana wa boma la mwisho, mama mwenye nyumba, mzee mwenye bangili nyingi, alinikaribisha nikae. Akanipa maziwa kidogo kwenye kibuyu, na nilijua kwa hali ile kidogo hicho ni kikubwa. Alikuwa anaongea Kisukuma. Nami, kwa kuwa hakuna mfanyakazi wangu aliyekuwa pale kunisikia, nikamjibu kwa kile kile changu cha utotoni.

"Mayu," aliniuliza, yaani mama, "una watu?"

Kwetu swali hilo ni la mume, watoto, wajukuu. Nilijua anachouliza.

"Ninao," nikasema. "Wako Bariadi. Wako kazini."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika. "Wasalimie."

Kesho yake asubuhi, walipokuwa wanavaa makoti ya kazi, nikasimama mlangoni mwa ghala nikawaambia mama mmoja wa Mwanhuzi anawasalimu. Walitazamana.

"Anatufahamu?" akauliza mmoja.

"Hapana."

"Ee," akasema kiongozi wa magunia, "tumezipokea." Halafu akamwambia fundi awashe mashine, kwa sababu lori lilikuwa linarudi tena Meatu mchana na magunia hayakuwa tayari.